Yule binti niliyemrudisha kwao mwaka wa korona



Alhamisi iliyopita tulikuwa tunahesabu akiba ya AVEC yetu. Kabla sanduku halijafungwa, mama mmoja aliinua mkono akauliza swali ambalo halikuwa la pesa. Binti anayemsaidia kazi nyumbani ameamka na vipele mikononi na usoni, mwili una joto, na majirani wamekwisha kusema kwamba ni Mpox. Huyu mama ana mtoto mchanga wa miezi saba. "Nimfukuze leo," akauliza, "ama ningoje mwezi uishe?" Wengi walijibu kwa sauti moja: leo, tena usimguse. Mimi nilinyamaza. Mwaka wa 2020 nilifanya jambo hilo hilo, na mimi sikuwa hata na mtoto mchanga wa kuogopea.

Mkubwa wa chama chetu aliniona nimenyamaza. Tulipotoka akaniambia: mwalimu, wewe unajua kitu, uandike. Basi naandika. Nitaanza na yangu, kisha nitasema sheria inasema nini, maana wengi wetu tunafikiri sheria ya kazi ni ya makampuni na ya wazungu wa ONG. Si hivyo.

Mnakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa Kinshasa tarehe 10 mwezi wa tatu 2020. Siku chache baadaye masomo yakafungwa nchi nzima, na tarehe 24 mwezi huo Rais akatangaza hali ya dharura ya afya. Mpaka wa Kavimvira ukafungwa, na wamama waliokuwa wanavuka kwenda Gatumba na Bujumbura na vitambaa au mafuta ya mawese wakabaki wanaangalia barabara. Wakati huo nilikuwa nafundisha katika shule moja ya mtu binafsi, ambayo sitaitaja. Mwenye shule alituita uwanjani, akasema: nendeni nyumbani, tutaitana kwa simu. Hakutupa barua wala kusema kama bado tuko kazini ama hatuko. Mshahara wa mwezi wa tatu tulipata nusu, na mwezi wa nne hatukupata kitu.

Nililalamika sana. Nililalamika kwa mume wangu, kwa mama mkwe na kwa walimu wenzangu. Na katika juma hilo hilo la kwanza la mwezi wa nne, nikamwita binti aliyekuwa anatusaidia nyumbani tangu mwezi wa tatu 2018. Nikampa franka 10,000 za usafiri na kitenge kimoja, nikamwambia: rudi kwenu kwanza, mambo yakikaa vizuri nitakuita. Kwao ni upande wa Mboko. Alisema tu, "Ndiyo, tantini," akafunga mzigo wake. Sikumwambia kama bado yuko kazini ama hayuko. Hata sikujiuliza.

Siku kama kumi baadaye, tarehe 16 na 17, mvua kubwa ikanyesha, Mulongwe ikajaa na kubeba nyumba na watu. Tulio hapa Kasenga tunajua tulichoona, sitarudilia. Ninasema tu kwamba katika matope yale, nikichota maji machafu kutoka ndani ya chumba cha watoto, nilimkumbuka binti yule kwa sababu ya mikono yake miwili. Ndivyo nilivyokuwa ninamfikiria wakati ule.

Dharura iliisha mwezi wa saba. Mwezi wa nane madarasa ya mwisho yakarudi, na mwezi wa kumi watoto wengine wote. Mwenye shule aliwaita walimu wengine, na wengine hakuwaita. Mimi sikuitwa. Hapo ndipo mwenzangu mmoja, ambaye pia alikuwa ameachwa, akaleta kijitabu cha Kode ya Kazi tukisome pamoja, tuone kama tunaweza kudai. Tulikuwa tunatafuta haki yetu. Mimi nilikuta pia deni langu.

Kode hiyo ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, na ilirekebishwa mwezi wa saba 2016. Mlango wake wa kwanza kabisa unasema ni ya wafanyakazi wote na waajiri wote katika nchi ya Kongo. Haihusu mahakimu, askari, polisi na watumishi wa Serikali, kwa kuwa hao wana sheria zao. Jikoni kwetu hakukutolewa. Ukimweka mtu akufanyie kazi chini ya amri yako na unamlipa, wewe ni mwajiri. Haijalishi kwamba wewe mwenyewe unauza nyanya kwenye meza, au kwamba binti ni mtoto wa shangazi ya jirani, au kwamba mlipatana kwa mdomo tu uani mkichambua sombe.

Watu wengi wanafikiri kwamba bila karatasi hakuna mkataba. Ni kinyume kabisa. Sheria inataka mkataba uandikwe, ndiyo. Lakini kama haukuandikwa, mkataba unahesabiwa kuwa ni wa muda usio na mwisho, mpaka ithibitishwe vingine, na mfanyakazi anaweza kuuhakikisha kwa njia yoyote, hata kwa ushuhuda wa majirani. Maana yake ni kwamba kukosa karatasi kunamlinda binti na kunakufunga wewe.

Sasa turudi kwenye korona. Kode inatenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya kila siku: kusimamisha mkataba na kuvunja mkataba. Mkataba ukisimamishwa ni kama sufuria uliyoteremsha kutoka jikoni ukaifunika. Chakula bado ni chako, utarudisha motoni. Mambo yanayosimamisha mkataba yameandikwa, na kati yake kuna ugonjwa, ajali, mimba na kuzaa, na ile nguvu kubwa isiyozuilika inayomzuia mmoja wa hao wawili kutimiza wajibu wake kwa muda. Ndiyo ile force majeure tuliyoisikia kila asubuhi redioni mwaka ule.

Je, korona ilikuwa nguvu isiyozuilika? Kwa mwenye shule, ninakubali, ingawa bado nina uchungu. Serikali ilifunga mlango wake; hata angetaka nifundishe, hakuweza. Alikuwa na haki ya kusimamisha. Hakuwa na haki ya kunyamaza halafu, mlango ulipofunguliwa, kujifanya hanijui. Mkataba uliosimamishwa unaendelea sababu ikiisha, na anayetaka kuuvunja lazima aseme, kwa maandishi, na kwa sababu inayokubalika.

Lakini kwangu mimi nyumbani? Nani alinizuia? Serikali haikukataza mtu kupika wala kufua. Nyumba yangu haikufungwa, na binti yule hakuwa anaingia na kutoka, alikuwa analala kwangu. Nilimrudisha kwa sababu niliogopa pesa itaisha, na kidogo kwa sababu niliogopa atatoka sokoni na ugonjwa. Hofu si nguvu isiyozuilika. Kupungukiwa pia si hivyo. Kunaweza kuwa sababu ya kupatana upya au ya kuachana kwa utaratibu, lakini si ya kumpakiza mtu kwenye basi bila neno. Kwa hiyo kwa sheria, tarehe ile ya mwezi wa nne, mimi nilivunja mkataba.

Na kuvunja kuna bei yake. Mwajiri anayevunja mkataba wa muda usio na mwisho anatoa preavi, yaani anamjulisha mtu mapema. Si chini ya siku 14 za kazi, na kwa kila mwaka mzima aliotumika mfululizo unaongeza siku 7 za kazi. Kama hutaki akae siku hizo, unamlipa siku hizo. Nilichukua kalamu nyekundu, ile ya kusahihishia. Binti alikuwa amemaliza miaka 2 mizima: 14, na 7 mara mbili, ni siku 28. Nilikuwa namlipa franka 40,000 kwa mwezi, na mwezi una siku 26 hivi za kazi. Siku 28 zinafika kama franka 43,000.

Nikageuza ukurasa, nikakuta likizo. Kila mwezi mzima wa kazi unampa mtu mzima angalau siku 1 ya kazi ya mapumziko yenye kulipwa (aliye chini ya miaka 18 ni siku moja na nusu). Miezi 24 ni siku 24. Sikuwa nimempa hata moja. Siku ya Mwaka Mpya alikuwa anakwenda kwao, na nilikuwa nampunguzia mshahara! Siku 24 ni karibu franka 37,000. Jumla franka 80,000, mshahara wa miezi miwili. Na mimi nilimpa 10,000 na kitenge.

Mwenzangu alipoona hesabu yangu alicheka. Akasema: tumekuja kumshitaki mwenye shule, sasa nani atatushitaki sisi? Naye alikuwa na boyi wa kuchota maji.

Sasa tumfikie mama mwenye mtoto wa miezi saba, kwa kuwa yeye hana nafasi ya kungoja hadithi yangu iishe. Mpox si maneno ya majirani tu. Ilijitokeza mwaka 2023 huko Kamituga katika Mwenga, ikasambaa Kivu Kusini, na tarehe 14 mwezi wa nane 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, likatangaza kwamba ni dharura ya ulimwengu mzima. Hapa Uvira tumekuwa na wagonjwa. Inaambukiza kwa kugusana ngozi, kwa mashuka na nguo, kwa kukaa karibu karibu sana. Hofu ya mama huyu ina msingi.

Lakini vipele si Mpox vyote. Kuna tetekuwanga, kuna surua, kuna upele wa kawaida, na majirani hawana maabara. Kitu cha kwanza ni kituo cha afya, si kituo cha basi. Ukimpakiza kwenye basi la kwenda kijijini, umemketisha bega kwa bega na watu kumi na wanane, na mwisho wa safari atalala kitanda kimoja na wadogo zake. Kama ni Mpox kweli, hujaifukuza. Umeituma.

Mtoto atengwe naye, ndiyo. Binti asimbebe, asilale chumba kimoja naye, nguo zake zifuliwe mbali. Mgonjwa wa Mpox anatengwa mpaka magamba ya vipele yaanguke na ngozi mpya itokee, na mara nyingi ni majuma mawili mpaka manne. Katika majuma hayo, kwa sheria, mkataba wake umesimama, haukuvunjika. Na hapa kuna tofauti kubwa na ile nguvu isiyozuilika: katika ugonjwa, ajali, mimba au kuzaa, Kode inasema mfanyakazi anaendelea kupata theluthi mbili za mshahara wake wa pesa. Kama unamlipa franka 60,000, mwezi wa ugonjwa ni 40,000. Tena Kode inaweka matunzo ya hospitali juu ya mwajiri, hata kama ugonjwa hakuupatia kazini.

Ninasikia mnavyoguna. "Mwalimu, mimi mwenyewe nikiugua ninakunywa majani ya muarobaini, nitamlipia nani hospitali?" Nimesikia. Na kwa kuwa tumefika kwenye maneno magumu, nitaongeza lingine. Mshahara wa chini kabisa wa nchi, ule SMIG uliowekwa mwaka 2018, mwaka 2024 ulikuwa bado franka 7,075 kwa siku, hata dola tatu hazikufika. Zidisha mara 26, utapata franka 183,950 kwa mwezi. Ni nani kati yetu anamlipa binti wa kazi pesa hiyo? Mimi simlipi. Walimu wengi wenyewe hawazipati bila shida. Sitajifanya kwamba nina dawa ya jambo hili. Ninachokataa ni hesabu ambayo nimeisikia mara nyingi: kwa kuwa siwezi kutimiza sheria yote, basi sitatimiza hata kipande. Siku 14 za preavi unaweza. Siku moja ya mapumziko kwa juma unaweza. Kumwambia mtu waziwazi kama yuko kazini ama hayuko hakuna bei.

Tusifikiri pia kwamba tuko peke yetu katika aibu hii. Mwaka wa 2020, mwezi wa sita, tuliona kwenye simu picha za wanawake wa Etiopia huko Beirut, wameketi kando ya barabara mbele ya konsula yao na masanduku yao. Mabosi wao walikuwa wamewashusha pale kwa gari, bila mshahara. Wamama wa hapa walilia walipoona. Mimi pia nililia, na binti yangu wa kazi alikuwa kule Mboko anangoja simu. Shirika la Kazi la Ulimwengu lilihesabu kwamba duniani kuna watu milioni 75.6 wanaofanya kazi za nyumbani, na watatu kati ya wanne ni wanawake.

Kwa wale ambao hawana binti nyumbani lakini wanachukua watu wa siku, ninyi wamama wa ndagala hapa ufukweni na ninyi mnaochukua wapalizi kule bondeni mwa Ruzizi, msipite ukurasa huu haraka. Mtu wa siku akishafanya siku 22 katika miezi miwili, ukimchukua tena kabla ya miezi hiyo miwili kwisha, sheria inamhesabu ni mfanyakazi wako wa muda usio na mwisho. Yule anayekuja kuanika samaki wako siku tatu au nne kila juma, hesabu vizuri. Inawezekana ameshakuwa na haki ya preavi na wewe hujui.

Na mkiwa ninyi ndio mnaotumika, jueni kwamba mimba si sababu ya kufukuzwa, na wala si kosa kusimama kazi kwa ajili yake. Mapumziko ya uzazi ni majuma 14 mfululizo, na mama anayenyonyesha ana nusu saa mara mbili kwa siku, zenye kulipwa. Kuna mama mmoja katika chama chetu aliambiwa wakati wa korona kwamba hayo yamefutwa "mpaka ugonjwa uishe". Hayakufutwa.

Mkikosana na mwajiri, au binti akikosana nawe, jambo linaanza kwa Mkaguzi wa Kazi, anayewaketisha wote wawili mpatane. Mahakama ya kazi haipokei neno ambalo halijapita kwake kwanza. Najua hapa kwetu watu wanaanza kwa mkubwa wa avenue ama kwa mchungaji, na mara nyingi inatosha. Lakini mkubwa wa avenue naye mara nyingi hajui zile siku 14, kwa hiyo mwende mkiwa na hesabu mkononi.

Mwenye shule tulimwandikia barua, walimu wanne. Tulipata mshahara wa mwezi mmoja, kwa vipande viwili, na tuliacha hapo. Sasa nafundisha kwingine.

Binti yule nilimfuata mwanzoni mwa 2021, siku ya soko. Nilimkuta anauza mihogo na chumvi, na ana mtoto mgongoni. Nilikuwa na franka 50,000, na 30,000 zilizobaki nilizituma kwa simu baada ya miezi miwili. Nilimweleza ni za nini. Alisikiliza, akazihesabu, akauliza kama Papa na watoto wako salama na mvua ile. Nilimwomba arudi. Alisema hapana, tantini, kwa sasa nina kazi yangu.

Msichana aliye nyumbani sasa ana miaka 19. Niliuliza miaka kabla ya yote, maana sheria inaanza kwenye 16, na nimeona nyumba zenye watoto wa 12 wanaobeba watoto wa 2. Tuliandika nusu karatasi ya daftari, nakala mbili: majina yetu, tarehe aliyoingia, kazi zake, mshahara na siku ya kuupata, siku ya kupumzika, na nini kitafanyika akiugua au nikikosa pesa. Mimi nilitia sahihi, yeye pia. Yeye nakala yake ameiweka ndani ya Biblia.

Mama mwenye swali alimpeleka binti yake kituo cha afya Ijumaa asubuhi. Ni tetekuwanga. Alhamisi hii nitafika saa nane, nusu saa kabla ya kufungua sanduku. Anayetaka kuandika nusu karatasi yake aje na kalamu, na aje na binti mwenyewe, maana siwezi kuandika mkataba wa mtu mmoja.